Ndani ya Stripu Mna Nini?

Safu ya Neno na Kitu

Waliotuzoea wanajua desturi ya safu hii. Kila toleo tunachukua kitu kimoja cha maisha ya leo, tunauliza kinafanyaje kazi, kisha tunatafuta namna ya kukisema kwa Kiswahili bila kumwacha njiani mtu wa kawaida. Kitu cha toleo hili hatukukichagua sisi. Kililetwa na simu.

Ilikuwa Jumapili jioni, mwezi wa Julai, tumekaa watu watano tukipanga kurasa za gazeti. Simu ya mwenzetu mmoja ikalia. Alikuwa shangazi yake, mzaliwa wa Unguja ambaye ameishi mashariki ya London miaka mingi. Ana kisukari, na hujidunga insulini mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisikilize. Mashine yangu inasema kumi na saba, na mchana ilikuwa saba. Sasa nijiongeze sindano au vipi?"

Mwenzetu akamuuliza amekula nini. Shangazi akasema hajala kitu. Alikuwa akiwamenyea wajukuu embe, zile za boksi anazonunua Green Street, akakumbuka kwamba saa ya kupima imefika, akajitoboa kidole pale pale jikoni.

"Shangazi, usijidunge kwanza. Nenda kanawe mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri, kisha utoboe kidole kingine."

Tukangoja kimya. Baada ya dakika chache sauti ikarudi: "Saba nukta nne."

Tulitazamana. Mtu mwenye saba akijidunga dozi ya mtu mwenye kumi na saba, sukari yake yaweza kushuka hadi akazimia, na wajukuu wale ni wadogo. Shangazi mwenyewe hakutishika sana. Alichokuwa nacho ni maswali. "Kwani hicho kijiti kimeniongopea? Humo ndani mna nini kinachojua sukari? Na hicho kilichomo kimetoka kwa mnyama gani?" Swali la mwisho lilikuwa na sababu yake. Anakumbuka zama ambazo insulini ilitengenezwa kwa kongosho za nguruwe na ng'ombe, kabla insulini ya kibinadamu inayotengenezwa na bakteria haijaanza kuuzwa mwaka 1982.

Mwenzetu alimwahidi jibu. Jibu lenyewe ni hili, na tunalichapisha kwa sababu kina shangazi wa namna hiyo ni wengi, hapa London na kwetu pia.

Tuanze na jina. Wengi huchukua jina la Kiingereza la vifaa hivi wakalitamka "bayosensa". Hapo pana kizingiti kidogo, kwa kuwa neno sensa tunalo tayari. Mwaka 2022 Tanzania ilifanya Sensa ya Watu na Makazi, na bibi yeyote akisikia bayosensa ana haki ya kudhani kwamba serikali sasa imeanza kuhesabu wadudu. Kwa hiyo tuliweke jina pembeni kwa muda, tutazame kitu.

Kifaa cha aina hii kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kitambuzi. Hiki ni kipande kilichotoka kwa kiumbe hai, na kazi yake ni kukitambua kitu kimoja katikati ya vitu vingi. Damu ina chumvi, mafuta, protini na mambo mengine mengi, lakini kitambuzi cha stripu ya shangazi hushughulika na glukosi. Sehemu ya pili ni kigeuzi. Hicho hulichukua tukio la kutambua na kuligeuza kuwa kitu tunachoweza kukiona, iwe ni mkondo wa umeme, mstari wa rangi, au mwanga. Kitambuzi bila kigeuzi ni shahidi bubu. Kigeuzi bila kitambuzi ni mkalimani aliyeitwa mahakamani pasipo shahidi.

Wazo la kumtumia kiumbe kutambua tusichokiona ni la zamani kuliko stripu. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji walishuka na kanari, ndege mdogo wa manjano, jamaa ya chiriku. Mwanasayansi John Scott Haldane ndiye aliyependekeza viumbe wadogo watumike kuonya juu ya gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Ndege huathirika kabla ya mtu, basi akianza kuyumba, watu hukimbia. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba ndege hao wataondolewa migodini na nafasi yao itashikwa na vifaa vya elektroniki.

Kisha kuna chura, na huyu ni Mwafrika. Lancelot Hogben, mwanabaiolojia wa Kiingereza, alikwenda kufundisha Cape Town mwaka 1927 na huko akaanza kumchunguza chura wa kusini mwa Afrika aitwaye Xenopus. Aliona kwamba chura jike akidungwa homoni fulani hutaga mayai. Mwaka 1930 Hogben alirudi London kushika kiti cha baiolojia ya jamii katika London School of Economics, na vyura wakaja naye. Homoni za aina hiyo zimo katika mkojo wa mwanamke mjamzito, kwa hiyo katika miaka ya 1930 chura huyo akawa kipimo cha mimba: hudungwa mkojo uliotayarishwa, na kama mama ana mimba, mayai huonekana kabla ya siku kwisha. Kwa miongo kadhaa wanawake wa nchi hii walipewa habari ya mimba zao na chura kutoka Afrika, na wengi hawakujua.

Na mpaka leo kuna panya buku wa Morogoro. Shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huwafunza panya hao kunusa baruti ya mabomu ya ardhini, na pia kunusa makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Morogoro akafanya kazi Kambodia. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la tiba ya wanyama lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 huku huku London, mtaa wa Whitechapel. Magawa alikufa Januari 2022, akiwa amegundua mabomu na risasi kubwa zisizolipuka zaidi ya 100.

Lakini panya lazima alishwe, afunzwe, apumzishwe. Kanari hawezi kuwekwa mfukoni. Ndipo wanasayansi wakajiuliza: kama kinachotambua ni kipande kidogo tu ndani ya mwili wa kiumbe, kwa nini tumbebe kiumbe mzima? Mwaka 1962, nchini Marekani, Leland Clark na Champ Lyons walieleza namna ya kukishika kimeng'enya kati ya tando nyembamba juu ya kipimio cha oksijeni, ili kipime glukosi. Kifaa kile kilikuwa cha maabara. Mwaka 1984, watafiti wa Cranfield na Oxford walionyesha kwamba kiungo kiitwacho ferosini kinaweza kuubeba umeme kutoka kwenye kimeng'enya hadi kwenye waya bila kutegemea oksijeni kama mjumbe. Miaka mitatu baadaye, 1987, mashine ya kupimia sukari yenye umbo la kalamu iliingia sokoni. Mashine ya shangazi ni mjukuu wa kalamu ile.

Sasa tumjibu swali lake: humo ndani mna nini? Mna kimeng'enya, na mara nyingi ni kile kiitwacho glukosi oksidesi. Vimeng'enya ni protini ambazo kila kiumbe huzitumia kuharakisha mabadiliko mwilini. Mate yetu yana kimoja kinachovunja wanga, ndiyo maana ukitafuna mkate muda mrefu unaanza kuwa mtamu. Kila kimeng'enya kina mfuko wenye umbo lake, na kinachoingia humo ni kile kinachoenea tu. Mwaka 1894 Emil Fischer alilifananisha jambo hili na kufuli na ufunguo wake, na mfano huo bado unafundishwa. Glukosi ikiingia kwenye mfuko, kimeng'enya huinyang'anya elektroni, mjumbe huzibeba hadi kwenye waya mwembamba uliochapwa juu ya stripu, na mashine hupima mkondo. Sukari ikiwa nyingi, mkondo huwa mkubwa. Yote huisha kwa sekunde chache.

Na kimetoka kwa mnyama gani? Hakikutoka kwa mnyama. Glukosi oksidesi ya kiwandani huvunwa hasa kutoka kwa ukungu uitwao Aspergillus niger. Shangazi anaufahamu bila kulijua jina: ule unga mweusi unaouona kati ya maganda ya kitunguu kilichokaa sana. Ukungu huo una ndugu mbaya, Aspergillus flavus, anayeota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri na kutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Ukoo ni mmoja. Mmoja anatuua ghalani, mwingine anatupimia sukari.

Kimeng'enya si kitambuzi pekee. Kipo kingamwili, ile protini ambayo mwili huitengeneza kumkamata adui aliyeingia. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walipata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu kwa wingi, na mwaka 1984 wakawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Kutokana na kazi hiyo tuna kipimo cha mimba cha nyumbani cha siku hizi, na kile kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika katika zahanati zetu. Damu hutembea juu ya karatasi, kingamwili huikamata protini ya kimelea, na chembe ndogo mno za dhahabu zilizofungwa kwenye kingamwili hujikusanya hadi mstari mwekundu ukaonekana. Karatasi za kupimia aflatoksini kwenye mahindi nazo hutumia kingamwili.

Ipo pia DNA. Uzi wake mmoja hushikana na uzi ulio jozi yake, na kwa hiyo huweza kumtambua kijidudu kwa vinasaba vyake. Wapo bakteria wazima wa baharini wanaotoa mwanga, wanaotumika kupima maji: maji yakiwa na sumu, mwanga wao hufifia. Na kwa sisi watu wa migomba, ipo ndizi. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walipachika kipande cha ndizi kwenye kipimio cha oksijeni na kukitumia kupima dopamini, kemikali ya ubongo. Kilichofanya kazi ni kimeng'enya kile kile kinachoifanya ndizi iliyomenywa igeuke kahawia. Hawakuhangaika kukichuja. Waliiacha ndizi ikihifadhi mali yake yenyewe.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kwa kuwa kitambuzi ni kipande cha kiumbe, kina tabia za kiumbe, na anayekitumia asipozijua ataumia.

Tabia ya kwanza ni kwamba hutambua kitu, hakijui kimetoka wapi. Shangazi aliuliza kama kijiti kimemwongopea. La, kilisema kweli kabisa. Sukari ilikuwapo, ila ilikuwa ya embe. Tone la damu ambalo mashine za siku hizi hulitaka ni dogo kuliko lita moja iliyogawanywa mara milioni. Katika tone kama hilo, utando wa maji ya embe usioonekana kidoleni unatosha kuipandisha namba. Kufuta kidole cha kunata kwa pamba ya spiriti si badala ya kunawa. Maji na sabuni ndiyo dawa.

Tabia ya pili: vitambuzi havilingani, hata vikipima kitu kimoja. Glukosi oksidesi huichagua glukosi vizuri, lakini oksijeni huweza kuisumbua. Ndiyo maana baadhi ya stripu zake hupotoka mahali pa juu sana penye hewa nyepesi. Viwanda vingine vikageukia kimeng'enya kingine, dehidrojenesi ya glukosi, kisichojali oksijeni. Aina yake moja ya zamani, hata hivyo, iliichukua sukari ya maltosi kuwa ni glukosi. Wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa maji fulani ya tumboni walikuwa na maltosi nyingi mwilini, mashine zikaonyesha sukari iko juu, wakadungwa insulini wasiyoihitaji. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo ikitaja vifo 13. Ni kosa lile lile lililomkaribia shangazi, ila wao hawakuwa na mikono ya kunawa.

Tabia ya tatu: anayetambuliwa huweza kubadilika sura. Vipimo vingi vya malaria huitafuta protini moja ya kimelea, iitwayo HRP2. Nchini Eritrea, kisha Ethiopia na Djibouti, vimeonekana vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Mgonjwa ana malaria, na mstari hauonekani. Eritrea ililazimika kubadili aina ya kipimo.

Tabia ya nne ni ya nyumbani kabisa. Kitambuzi huharibika. Protini hushikilia umbo lake kwa vifungo dhaifu. Joto na unyevu huzilegeza, na yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi. Vichupa vingi vya stripu huandikwa visizidi nyuzi joto 30, na ule unga ulio kwenye kifuniko ni wa kunyonya unyevu. Tulipomuuliza shangazi anakiweka wapi kichupa chake, akasema dirishani jikoni, juu ya hita. Tulipomuuliza zaidi, ikatoka siri nyingine: kila mwaka huweka vichupa viwili katika boksi la mzigo linalokwenda Unguja kwa dada yake, pamoja na viatu na sabuni, wiki nyingi ndani ya kontena la bati baharini. Na wala tusidhani joto ni la kwetu tu. Tarehe 19 Julai 2022 hapa London kwenyewe, Heathrow, ilipita nyuzi 40.

Sasa turudi kwenye jina, maana mada hii ilizua mjadala mkali mezani. Mmoja wetu alipendekeza "kihisi-uhai". Tulikikataa, kwa sababu kihisi-uhai ni kifaa kinachotafuta uhai, labda cha kumtafuta mtu chini ya kifusi, na stripu haitafuti uhai. Mwingine akasema "kihisi hai". Hapo napo pana kasoro: kimeng'enya hakipumui wala hakili. Kilitoka kwa kiumbe hai, lakini chenyewe si kiumbe. Tumekubaliana, hadi walimu watakapotusahihisha, kwamba darasani tuseme "kihisi cha kibiolojia", na sehemu zake tuziite "kitambuzi" na "kigeuzi". Uzuri wa maneno haya mawili ni kwamba kitenzi kimo ndani yake. Ukilisikia neno, umeisikia kazi. Nyumbani tuache "mashine ya sukari" na "stripu", maana watu wameshayachagua.

Ila tumejifunza kwamba neno "kujua", alilotumia shangazi, ndilo lililokaribia kumponza. Kilichomo ndani ya stripu hakijui sukari. Huitambua. Kujua ni kazi ya mtu anayeitazama namba kumi na saba na kukumbuka kwamba dakika moja iliyopita alikuwa ameshika embe.

Tumeandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa ajili ya wazee wetu wanaopima sukari nyumbani. Haushiki nafasi ya daktari wala muuguzi, na tumemwomba muuguzi mmoja aupitie kabla ya kuugawa. Rasimu ya kwanza tulimsomea shangazi kwa simu. Tuliandika: "Stripu zihifadhiwe katika halijoto isiyozidi nyuzi 30, mahali pakavu." Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Maneno mazuri. Lakini mimi sina kipimajoto cha chumba. Andikeni: usiziweke dirishani penye jua, wala juu ya hita, wala bafuni. Funga kifuniko mara tu ukitoa moja. Na ukitoka kumenya tunda, nawa."

Tumeandika hivyo hivyo. Ukurasa utasomwa kwenye mkutano ujao wa chama. Njooni na kalamu nyekundu. Mwenye jina bora kuliko "kihisi cha kibiolojia" naye aje nalo, tutalipima. Na kabla boksi la mwaka huu halijafungwa, tunatafuta njia ya kumsaidia dada wa shangazi apate stripu huko huko Unguja, zisipite kwenye kontena. Tukutane toleo lijalo, inshallah.